Mwano Ndani ya Lifti

Jumamosi, tarehe 9 Novemba 2024. Kulikucha na mawingu mazito juu ya Kahama, lakini hayakuwa mawingu ya mvua. Upepo ulivuma kutoka upande wa Isaka ukiwa umebeba vumbi, na nilipofika kazini vioo vya ghorofa letu vilikuwa vimeshageuka rangi ya chai ya maziwa. Nilisimama getini nikamwomba Mungu atupe siku ya amani, kama ninavyoomba kila asubuhi, kisha nikaingia.

Jengo linaitwa Makoye Residence. Lina ghorofa nane na lifti mbili, na wapangaji wake ni watu wa migodini: mameneja, wanunuzi wa dhahabu, wageni wanaokwenda Bugarama kwa magari yenye bendera ndogo. Mimi ni Hosiana, Mama Noela, msimamizi wa usafi. Mtaa unaotuzunguka unaitwa Mwabuki. Ni nyumba za tofali za kuchoma, vibanda vya mama lishe na makarasha, yaani zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Makarasha hunguruma kuanzia alfajiri. Mpangaji mgeni hulalamika wiki ya kwanza, ya pili hayasikii tena.

Watu wa Mwabuki huliita jengo letu Ghorofa la Vioo, na wanaokaa humo huwaita watu wa vioo. Mimi nakaa Mwabuki, chumba na sebule, nyuma kabisa ya ukuta. Nikipita jioni na sare yangu nikielekea darasa la watu wazima, wanawake hunitania. "Mama wa vioo, leo umefundishwa nini? Tufundishe na sisi tuje kuishi huko juu." Ninacheka nao. Lakini wiki ile utani ulikuwa umepungua.

Wezi walikuwa wameuingilia mtaa. Walianza na mbuzi, wakaja nyaya, na Alhamisi wakaichukua mota ya karasha la Mageni, kijana mwenye familia ya kulisha. Asubuhi watu walifuata nyayo zikaishia kwenye ukuta wetu. Boaz, kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa mtaa, alikuja na wenzake kuomba wapekue ndani. Athanas, meneja wetu, aliwajibu kwa adabu lakini aliwakatalia. Alisema wapangaji wamelipia utulivu, na hawezi kuruhusu watu wenye rungu kupita mlango kwa mlango. Boaz hakubishana. Aliutazama ukuta, akautazama mlango wa vioo, akaondoka. Mageni ndiye aliyegeuka na kusema, "Mwizi akilala kwenye godoro zuri anaitwa mpangaji."

Ijumaa usiku akaja fundi wa lifti kutoka Mwanza. Jina lake Edson. Aliingia na gari lake kwa geti la nyuma, akalala chumba cha walinzi, kwa hiyo mtaani hapakuwa na mtu aliyeiona sura yake. Asubuhi ile ya Jumamosi alikunywa chai jikoni kwetu. Alikuwa mtu wa maneno mengi. Aliona nimeshika zoezi langu la sayansi, akanieleza mambo ya lifti kwa kutumia kijiko na uzi wa kifuko cha majani ya chai.

"Watu wanaogopa kamba kukatika," alisema. "Mama Noela, hata kamba zote zikikatika, kuna breki zinaing'ata reli. Kinachowaumiza watu ni kulazimisha mlango na kuruka."

"Na ikikwama?"

"Unakaa chini, unasubiri fundi. Na fundi ndiye mimi, kwa hiyo utasubiri nimalize chai."

Akaenda kufungua lifti ya pili, iliyokuwa na kasoro ya mlango. Nilimwona akitoa kijimota fulani cheusi na kukipeleka kwenye gari lake uani. Mimi nikapanda ghorofa ya nne na ndoo yangu.

Ghorofa ya sita alikuwapo mgeni mwingine, Mama Mbuke. Ni mama wa mpangaji mmoja kijana anayefanya kazi mgodini, na alikuwa ametoka kijijini, mbele ya Kolandoto, kuja kumwona mwanawe. Mwanawe alikuwa zamu. Mama huyo hakuipenda lifti, aliiita kabati, lakini magoti yake hayakuzipenda ngazi pia. Kila asubuhi alishuka kuwasalimia watu. Asipoamkiana na mtu, alisema, hajui kama siku imeanza. Mimi alikuwa akinisalimia Kisukuma, akiniita mayu, yaani mama, nami nikimuuliza mhola, yaani ni salama?

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, mayu. Mhola?"

"Mhola duhu."

Siku ile sikupata kumsalimia. Kiasi cha saa nne umeme ulikatika. Kwa kawaida jenereta letu hunguruma kabla hujamaliza kusema umeme umekatika, lakini betri yake ilikuwa imekufa tangu jana na mpya haijaletwa. Taa zikazima. Makarasha ya Mwabuki nayo yakazima, moja baada ya jingine, mpaka la mwisho. Nilisikia upepo kwenye vioo. Nilisikia jogoo. Sijawahi kuusikia mtaa wetu ukiwa kimya namna ile mchana.

Ndani ya ukimya huo, mwano ukapigwa.

Kwa asiyejua, mwano ni ukelele wa hatari wa Kisukuma. Ni sauti ndefu inayopanda, inakatika, inapanda tena. Ng'ombe wakiibiwa, mwano. Nyumba ikiungua, mwano. Mtoto akitumbukia kisimani, mwano. Ndani yake hakuna maneno. Maneno huja ukishafika. Ukiusikia unaacha ulichoshika na kukimbilia unakotoka, na usipokwenda, kesho yake sungusungu watakuuliza ulikuwa wapi wenzako wakiita.

Ulitoka ndani ya shimo la lifti ya kwanza, ile nzima, hatua chache kutoka niliposimama. Sauti ilipanda lile shimo, ikatokea juu ya paa, ikatokea na chini kwenye matundu ya hewa, ikauenea mtaa mzima.

Niliitambua sauti ya Mama Mbuke, nikauegemea mlango wa lifti nikaita. "Mayu! Ni mimi, Mama Noela. Umekwama tu. Umeme umekatika."

Hakunisikia, au hakuamini. Aliendelea. Mwanamke wa umri wake, aliyefungiwa gizani ndani ya sanduku la chuma, alifanya kile alichofunzwa tangu utotoni. Nami nilihisi miguu yangu mwenyewe ikitaka kukimbia, ingawa nilikuwa nimeshafika.

Edson alikuja akipanda ngazi mbili mbili, ana tochi na chuma kifupi. Aliingiza chuma kati ya milango, akaipanua kidogo, akamulika juu. "Yuko kati ya nne na tano," aliniambia. Kisha akamwita aliye ndani, "Mama, kaa chini. Usishike mlango." Alipouachia mlango ukiwa na upenyo mdogo, ukingo wake ulimkata kiganja. Damu ilitiririka mpaka kwenye kiwiko. Aliifuta kwenye shati bila kuitazama.

"Utamtoa?"

"Nitamshusha kwa mkono, kutoka chumba cha mashine juu ya paa. Mkono wa breki, chuma cha kuifungulia, uko kwenye gari. Nakwenda kuuchukua. Wewe zungumza naye, asijaribu kutoka."

Akashuka mbio.

Nilizungumza na Mama Mbuke kwa Kisukuma kupitia ule upenyo. Nilimwambia kuhusu breki zinazoing'ata reli. Nilimwomba tusali pamoja. Alinyamaza kidogo, nikadhani tunaelewana. Kisha akapiga mwano mwingine, na huu ukajibiwa. Ulijibiwa kutoka mbali, upande wa makarasha, kisha upande wa soko, kisha karibu, kisha getini kwetu. Nikasikia geti likigongwa, nikalisikia likianguka.

Kwenye ngazi kuna dirisha linalotazama uani. Nilikimbilia pale. Watu walikuwa wakimiminika na fimbo, mapanga, nyundo za kupasulia mawe. Katikati ya ua, nyuma ya gari lililofunguliwa buti, alisimama mtu wasiyemjua, shati lina damu, mkononi ana chuma kirefu. Na ndani ya buti kulikuwa na mota.

Mageni ndiye aliyeiona. Nilimsikia waziwazi mpaka kule juu. "Mota. Mota yangu hiyo."

Edson aliinua mkono, nadhani alitaka kuonyesha juu, kwenye jengo. Lakini ulikuwa ule mkono wenye chuma. Jiwe la kwanza lilimpata juu ya jicho.

Sikumbuki jinsi nilivyoshuka. Nakumbuka ukumbi wa chini, na Athanas akiwa amefunga mlango wa vioo kwa ufunguo, simu sikioni.

"Polisi wako njiani," alisema. "Usifungue."

"Wanamuua fundi."

"Naona. Lakini humu ndani kuna watoto, Mama Noela. Nikifungua, wakiingia wote?"

Hakusema vibaya. Kupitia kioo nilimwona Edson amepiga magoti, mikono imefungwa nyuma kwa kamba ya katani. Mtu mmoja alikuwa ametoka kwenye kibanda cha bodaboda na dumu la petroli. Nililitambua lile dumu na nikajua linakuja kufanya nini. Nilisema, "Bwana Yesu, nipe maneno, na kama huna maneno ya kunipa, nipe miguu." Kisha nikamwambia Athanas, "Nifungulie mimi, funga nyuma yangu."

Alinitazama. "Nikifunga, sifungui tena mpaka polisi wafike."

"Sawa."

Alifungua. Nikatoka. Nikasikia ufunguo ukizunguka nyuma yangu.

Nilipenya katikati yao nikaenda kusimama juu ya Edson, mguu mmoja huku na mwingine huku, kama mtu anayemzuia ndama. Sketi yangu ilimfunika kichwa. Mtu alinivuta begani.

"Toka hapo, mama wa vioo. Ameshakulipa nini?"

"Huyu ni fundi wa lifti," nilisema. "Nimekunywa naye chai leo."

Wakacheka, kicheko kibaya. "Amekunywa naye chai. Mchumba wako?"

"Mwizi naye hunywa chai," alisema Mageni. Alikuwa akilia, ingawa nadhani hakujua. "Mimi wanangu wana siku mbili wanakunywa maji ya chumvi. Toka, Mama Noela. Sitaki nikupige wewe."

Nilielewa kwamba kumtetea Edson hakutanisaidia. Kila neno jema kuhusu yeye lilikuwa linanihamishia upande wa vioo. Nilimtafuta Boaz kwa macho. Alikuwa amesimama pembeni ya gari, ana rungu lake la ukamanda, na alikuwa akiitazama ile mota.

"Kamanda Boaz," nilisema. "Nani amepiga mwano?"

Aliondoa macho kwenye mota, akanitazama.

"Nakuuliza wewe kwa sababu ndiyo kazi yako. Watu wamefika. Mwano una mwenyewe. Mwenyewe ameulizwa?"

Kelele zilipungua upande mmoja tu, upande wa wazee. Mzee mmoja nyuma alisema taratibu, "Hilo ni kweli. Hajaulizwa."

"Wa kuulizwa yuko wapi?" Mageni alisema. "Huenda ameshamuua. Mnaona damu."

"Yuko ndani ya lifti," nilisema. "Ni Mama Mbuke, yule wa ghorofa ya sita anayewasalimia kila asubuhi mpaka mnachelewa kazini. Yuko hai. Nilikuwa nazungumza naye. Twende ukamuulize, Kamanda, kwa masikio yako. Akisema ameibiwa, akisema amepigwa, mimi nitatoka hapa niliposimama."

Boaz alipumua. Alikuwa mchimbaji zamani, na shimo lilishawahi kumfukia, ndivyo watu wasemavyo. Huenda ndiyo sababu wazo la mtu kufungiwa gizani lilimgusa. Au alikuwa tu mtu anayejua kazi yake, akiwa ameisahau kwa muda. "Asiguswe mpaka nirudi," alisema. "Dumu liweke chini. Chini, nimesema."

Athanas alimwona Boaz akija nami, akasita, akafungua. Tulipanda. Boaz alikuwa akihema nyuma yangu. Kwenye ghorofa ya nne aliweka mdomo kwenye upenyo wa mlango akaita, "Mayu. Mayu Mbuke. Ni Boaz, kamanda. Tumefika. Nani amekutenda vibaya?"

Kimya.

Akaita tena. Niliita na mimi. Athanas, aliyetufuata, alipiga mlango kwa kiganja. Hakuna kilichojibu isipokuwa mwangwi wa sauti zetu ukishuka shimoni.

Boaz alinigeukia. Sitasahau uso ule. "Ulisema unazungumza naye."

"Nilikuwa nazungumza naye."

"Mama Noela. Chini kuna watu wangapi? Niwaambie nini?"

Niliwaza joto lililomo mle, umri wake, moyo wake. Nikawaza Edson kule uani, na Mageni juu yake. Kama Boaz angeshuka na kusema mama hajibu, hakuna neno duniani ambalo lingemwokoa yule fundi. Na kama fundi angekufa, hakuna ambaye angemtoa mama. Athanas ndiye aliyelisema.

"Kamanda, mimi sijui kuishusha. Hakuna anayejua humu. Yeye tu. Mkimuua, tunasubiri fundi mwingine atoke Mwanza."

Boaz akashuka, nasi nyuma yake.

Hakuwaficha watu. Alisimama kwenye ngazi za mlango akasema, "Mama hajibu." Sauti iliyotoka katika ule umati sijui niiite nini. Akainua rungu. "Hajibu, na sijui kwa nini. Anayeweza kumtoa ni huyu mmoja. Nampandisha juu."

"Atatoroka," walisema.

"Atatorokea wapi, paani? Ana mbawa?"

"Atamuangusha mama. Amalize ushahidi."

Hilo liliwaingia. Watu walirudia: atamuangusha. Edson aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. Jicho moja lilikuwa limefunga. "Haianguki," alisema. "Hata nikitaka, haianguki. Lakini kiganja changu kimekatika, hakishiki tena. Nahitaji mtu wa kushika breki."

"Mimi nitashika," alisema Boaz. "Na kamba yako nitaifunga kiunoni kwangu."

"Wewe hapana, Kamanda. Bega lako lilivunjika shimoni," yule mzee alisema. "Breki ya chuma inataka mikono ya karasha."

Wote walimtazama Mageni. Nilimwona akikataa kwa macho kabla hajafungua mdomo. Edson naye alimtazama, na nadhani alijua ni nani aliyemtupia jiwe.

"Twende," Mageni alisema. "Akifanya ujinga nitakuwa karibu."

Walipanda watatu, Edson amefunguliwa mikono na kufungwa kiuno kwa kiuno na Boaz. Mimi na Athanas tulibaki ghorofa ya nne, mlangoni, na ufunguo wa milango ya lifti aliotupa Edson. Hatukuweza kuwasikia kutoka paani, wala wao kutusikia. Mtandao wa simu nao sasa ulikuwa umekatika. Kwa hiyo watu walijipanga kwenye ngazi, mtu mmoja kila kona ya ngazi, kama wanavyojipanga kupitisha ndoo za mawe kutoka shimoni. Neno likitoka juu lilipita mdomo kwa mdomo mpaka kwetu.

Neno la kwanza lilikuwa, "Mmekaa mbali na mlango?"

"Tumekaa mbali," nilisema, na likapanda.

Ukapita muda. Kisha: "Kidogo."

Ndani ya shimo kitu kililia, chuma juu ya chuma. Kwenye upenyo nikaona ukingo mweusi wa sakafu ya lifti ukitetemeka.

"Acha," lilishuka neno. "Imetembea?"

"Kiasi cha kiganja," Athanas alisema.

"Kidogo tena." "Acha." "Kidogo." "Acha."

Watu kwenye ngazi waliyapitisha maneno hayo kwa sauti ya chini, kama wanaosali, na wengine walikuwa ndio wale wale waliokuwa wakipiga kelele uani. Niliomba kwa kila "kidogo". Sikuomba kitu kikubwa. Niliomba mkono wa Mageni usichoke na usikasirike. Mara moja lifti iliteleza kwa ghafla kuliko zote, ikakita, na mtu wa juu yetu akapayuka, "Imekwenda!" Neno hilo lilianza kushuka kwenda uani. Nikajua likifika chini litakuwa limeshakuwa neno jingine.

"Lizuie," nilimwambia yule wa chini yangu. "Usilipitishe hilo. Sema imesimama. Imesimama, naiona."

Akageuka, akasema kwa waliokuwa chini, "Imesimama."

Kisha kutoka juu: "Fungueni."

Athanas aliingiza ufunguo. Milango iligoma, ikafunguka nusu, tukaimalizia kwa mikono.

Mama Mbuke alikuwa amekaa sakafuni juu ya khanga yake, miguu ameinyoosha, viatu amevipanga pembeni. Jasho lilimlowesha kifua chote. Alitupepesea macho kwa sababu ya mwanga.

"Mhola, mayu?" nilisema.

"Mhola. Maji yapo?"

Athanas alimpa chupa. Alikunywa yote. Mimi nikapiga magoti mbele yake. "Mayu, tulikuita. Tulikuita sana. Kwa nini hukujibu?"

Alinishangaa kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa nguo. "Niliwasikia watu wameingia uani. Mwano ukishaitikiwa, mpigaji ananyamaza, awaachie watu kazi yao. Kwenu hamkufundishwa? Nikasinzia kidogo. Halafu nyinyi mkaanza kupiga kelele mlangoni."

Mtu kwenye ngazi alianza kucheka, akaacha katikati.

Boaz alikuwa ameshuka na wenzake. Kamba ilikuwa bado kiunoni. Mama Mbuke alimtazama, akamtazama Edson, shati lile, jicho lile. "Huyu kafanywa nini?"

Alimsogelea Edson, akamshika kidevu kama mtoto, akakigeuza kwenye mwanga. "Ndiye aliyekuwa na tochi. Aliniambia nikae chini. Nani kampiga?"

"Tulidhani amekutenda vibaya, mayu," alisema Boaz.

"Nani alikwambia?"

"Mwano."

"Mwano hausemi nani," alisema Mama Mbuke. "Unasema njooni."

Tulishuka wote mpaka uani, yeye kwa ngazi, akinishikilia. Hakuitaka tena lifti. Watu walikuwa wamesimama pale pale. Baadhi walianza kurudi nyuma kuelekea getini. Mageni alikwenda moja kwa moja kwenye buti la gari. Aliinua ile mota kwa mkono mmoja. Mota ya karasha haiinuliwi kwa mkono mmoja, na kila mtu pale alilijua hilo. Aliirudisha taratibu, akabaki ameinama.

Edson alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango. Athanas alimletea kitambaa chenye maji, akakiweka juu ya jicho.

"Pole, ndugu yangu," alisema yule mzee. "Ni shetani tu."

"Shetani hakurusha jiwe," Edson alisema. "Nilimwona aliyerusha. Niliona na aliyeleta dumu." Hakupandisha sauti. "Nina mke Mwanza. Leo asubuhi nimemwambia nitarudi Jumanne. Mmemuona mama huyu yuko hai, mmefurahi, mnataka kwenda nyumbani kula. Mimi mngekuwa mmeshanichoma. Nikiondoka hapa, mtasemaje? Kwamba ilikuwa ajali?"

Waliokuwa karibu na geti walizidi kusogea. Tulisikia honi mbali, upande wa barabara kuu. Huenda walikuwa polisi, huenda lori tu.

"Msiondoke," alisema Boaz. "Aliyeitikia mwano haondoki kabla haujafungwa, mpaka aliyeita aelezwe yote."

"Kamanda, polisi wakija watatubeba wote," mtu alisema. "Tuyamalize kienyeji. Tumpe mbuzi, tumwombe radhi."

"Sitaki mbuzi," alisema Edson.

Mageni alinyanyuka pale garini. Nilidhani angekimbia. Alikuja mpaka mbele ya Edson akasimama, akaitazama mikono yake mwenyewe, iliyoshika jiwe, kisha ikashika breki. "Ni mimi," alisema. "Jiwe."

"Najua," alisema Edson.

Boaz alifungua fundo la kamba kiunoni, akaiacha ianguke. Aliweka rungu lake la ukamanda miguuni pa Mama Mbuke, kwa sababu mwano ulikuwa wake, akasimama wima. Makarasha yalikuwa bado kimya, na sauti yake ilifika mpaka nje ya geti.

"Mayu, wewe uliyeita, sikia. Mama Noela, Meneja, sikieni. Na nyinyi mlioitikia pamoja nami. Mimi Boaz niliona damu sikuuliza, niliona kamba sikuikata, niliona dumu nikalitazama. Sasa namwahidi fundi huyu mbele yenu. Nampeleka hospitali kwa mkono wangu. Akishashonwa, tunakwenda kituoni pamoja, mimi na yeye na Mageni, leo, kabla jua halijazama. Nitaeleza lilivyokuwa tangu geti lilipoanguka, nitawataja waliofanya, na jina la kwanza nitakalolitaja ni langu."